Labour na njia ya katikati: tusome kura, tusiishie kwenye viti

Kila chama cha mrengo wa kushoto kinaposhindwa uchaguzi huko Ulaya, darasani kwangu huzuka swali lile lile: je, kilegeze msimamo, kisogee katikati ili kishike dola? Wanaojibu "ndiyo" hutaja jina moja, Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza. Nami huwaomba tumsome Blair mpaka mwisho, tusiishie siku ya ushindi.

Chama cha Labour cha Uingereza kilishindwa mara nne mfululizo: 1979, 1983, 1987 na 1992. Mwaka 1983, kikiwa na ilani kali kuliko zote, kiliambulia asilimia 27.6 ya kura. Miaka hiyo, nyuma ya kadi ya uanachama palichapwa maneno ya Ibara ya Nne ya katiba ya chama, yenye asili yake mwaka 1918, yakitaka njia za uzalishaji mali ziwe miliki ya wote. Aliyesomeshwa Azimio la Arusha atayatambua mara moja. Aprili 1995, chini ya Blair, mkutano maalumu uliiandika upya ibara hiyo.

Uchaguzi wa 1997 ulipofika, Labour ilikuwa inagawa kadi nyingine, ndogo ya kutia mfukoni, yenye ahadi tano. Madarasa ya watoto wa miaka mitano hadi saba yasizidi wanafunzi 30. Foleni za hospitali zipungue. Vijana 250,000 watoke kwenye posho za serikali waingie kazini. Vijana wanaorudia uhalifu wahukumiwe upesi. Viwango vya kodi ya mapato visipandishwe. Huwa nawaambia wanafunzi waziweke kadi hizo mbili sambamba: ya kwanza inaeleza nchi ambayo chama kinaitaka, ya pili inamtuliza mpiga kura asikiogope chama.

Ilifaulu. Labour ilipata asilimia 43 ya kura na viti 418 kati ya 659. Mchumi Anthony Downs alikwisha kueleza mantiki yake mwaka 1957. Chukua magenge mawili ya mboga katika mtaa mmoja mrefu. Kila mwenye genge atasogea katikati ya mtaa, kwa kuwa anajua wateja wa mwisho wa mtaa, upande wake, hawana pengine pa kununua. Watatembea tu.

Lakini mteja wa mwisho wa mtaa anaweza kuamua kulala bila mboga. Mwaka 1997 Labour ilipata kura milioni 13.5. Mwaka 2001 zilikuwa milioni 10.7, na waliojitokeza kupiga kura walishuka kutoka asilimia 71 hadi 59. Mwaka 2005 kura zilikuwa milioni 9.5 hivi. Chaguzi zote hizo Blair alishinda, ndiyo maana wengi hawakuona kitu. Kwangu mimi, mamilioni waliobaki nyumbani ndio habari kubwa ya miaka ile, na inauma kwamba chama kilichoundwa na vyama vya wafanyakazi hakikushtuka mapema.

Tusimnyime Blair haki yake. Aprili 1999 serikali yake ilianzisha kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima, pauni 3.60 kwa saa. Wahafidhina (Conservative), chama kikuu cha kulia, walikipinga, kisha walipoingia madarakani hawakukifuta, bali walikipandisha wao wenyewe. Kwa hiyo "katikati" si kigingi kilichochimbiwa ardhini. Aliye madarakani anaweza kukisogeza, akitaka.

Sasa tazama Sedgefield, jimbo la Blair mwenyewe, katika eneo la zamani la machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka 1997 zaidi ya asilimia 70 walimpigia yeye. Desemba 2019 jimbo hilo lilichukuliwa na Wahafidhina, wakati Labour ikiongozwa na Jeremy Corbyn, mtu wa kushoto hasa. Corbyn huyo huyo alipata asilimia 40 ya kura nchini kote mwaka 2017. Miaka miwili baadaye, katikati ya mvutano wa Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, akabaki na 32. Anayedhani kurudi kushoto kunatosha kuwarudisha waliokata tamaa naye ana kazi ya kueleza hapo.

Keir Starmer, aliyemrithi Corbyn, alikirudisha chama katikati, na Julai 2024 kikapata viti 411 kati ya 650. Lakini kura zilikuwa milioni 9.7, chini ya zile milioni 10.3 za Corbyn katika kipigo cha 2019. Kura za kulia ziligawanyika kati ya Wahafidhina na chama cha Reform UK, na mfumo wa mwenye kura nyingi kuchukua jimbo (ambao Tanzania na Kenya pia tunautumia kwa wabunge wa majimbo) ukageuza theluthi moja ya kura kuwa karibu theluthi mbili za viti.

Na safari hii genge la tatu lilikuwa limefunguliwa. Chama cha Kijani (Greens), watetezi wa mazingira walio kushoto mwa Labour, kilitoka kiti kimoja hadi vinne. Huko Leicester South, Jonathan Ashworth, mmoja wa vigogo wa Labour, alikuwa ameshinda mwaka 2019 kwa tofauti ya zaidi ya kura 22,000. Usiku ule ule chama chake kilipokuwa kinasherehekea, yeye aliangushwa na mgombea binafsi aliyebeba hasira za wapiga kura juu ya vita vya Gaza, kwa tofauti ya kura 979.