Kiharusi: maneno yakipotea, mtu bado yupo

Mama alipopata kiharusi, wageni waliokuja kumjulia hali walikaa kando ya kitanda, kisha wakatuuliza sisi: "Anatambua watu?" Mwenyewe yupo pale, macho makavu, anasikia yote.

Wanasema: asiyeweza kuongea akili imeondoka. Hili ndilo lililotuumiza kuliko yote. Kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo. Kiharusi kikipiga huko, maneno hupotea na akili ikabaki. Kitaalamu huitwa afasia. Mama akitaka chai alisema "kiti", kisha akatikisa kichwa kwa hasira, maana alijua kabisa kwamba lililotoka silo. Wapo wanaopungukiwa hata kuelewa maneno, lakini hao nao huona wanapodharauliwa. Tulijifunza kumuuliza swali moja moja, la ndiyo au hapana, halafu kusubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Tulipoacha kummalizia maneno, akaanza kuyatafuta mwenyewe.

Eti kiharusi ni upepo mbaya. Ni mshipa wa damu wa ubongo ulioziba au uliopasuka, na presha ndiyo chanzo kikubwa. Dawa za presha haziachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Aliyewahi kupata kiharusi yuko kwenye hatari ya kupata kingine.

"Miezi 6 ikipita, basi tena." Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, ni kweli, lakini ubongo hauachi kujifunza. Mazoezi yanayosaidia zaidi ni yale ya maisha yenyewe, nasi tulikuwa tunamnyima kwa huruma: tunamlisha, tunamvisha. Siku tuliyomwachia gauni lake, kifungo kimoja kilimchukua dakika kumi. Dada alikalia mikono yake ili asimsaidie. Kifungo kilipoingia, mama alituangalia mmoja mmoja.

Mambo mawili tuliyoyajua kwa kuchelewa: usimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliolegea, bega litaumia, na asilishwe akiwa amelala. Chakula kikipita njia ya hewa huleta nimonia, kwa hiyo akikohoa kila anapomeza, daktari aambiwe.

Wanasema pia: analia ovyo, amedeka. Karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Ni ugonjwa, una tiba, na usipotibiwa hata mazoezi anayakataa.

Na hii nayo husemwa: mtoto hachoki kumuuguza mzazi wake. Anachoka. Mgongo unamuuma, usingizi unakatika, biashara yake inakufa, naye anaona aibu kusema. Kaka zetu walituma pesa kwa simu na tunawashukuru, ila pesa haimgeuzi mgonjwa saa nane za usiku. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi asipate vidonda vya kulalia. Hesabu mwenyewe hiyo ni mara ngapi kwa usiku mmoja. Wala kuuguza si kazi ya wanawake peke yao.

Jumamosi moja mjomba alikuja. Akamsalimia mama kwanza, akangoja mpaka akajibu. Kisha akamgeukia dada: "Nenda kalale, mwanangu. Mimi nipo mpaka magharibi." Dada alilala saa tano mfululizo. Alipoamka akauliza, "Mama amekula?"

Alikuwa amekula, tena kwa mkono wake.