Ugonjwa wa akili mbele ya sheria ya Kenya: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Hakuna mahali sheria ya Kenya inaposema kwamba mtu akishaugua akili, haki zake zimekwisha. Swali lake ni dogo zaidi: siku ile, kwa jambo lile, je, alielewa alichokuwa akifanya? Sisi huku nje huuliza jingine kabisa, “Huyu ni mgonjwa au ni mzima?”, na hapo ndipo mashamba hupotea na watu hufukuzwa kazi.

“Ana faili Mathari, hospitali ya akili, sahihi yake si kitu.”

Chukua wosia. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Urithi (Sura ya 160) humhesabu kila anayeandika wosia kuwa ana akili timamu. Anayepinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba wakati wa kutia sahihi mwenye wosia hakujua anachofanya, iwe kwa ugonjwa wa akili, ugonjwa wa mwili au ulevi. Hivyo mtu mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo) aliyetulia kwa dawa anaweza kuacha wosia halali kabisa. Asiyewahi kumwona daktari wa akili, akiandika wake akiwa amelewa chakari, wosia huo unaweza kuanguka.

Kinachoharibu wosia wa mtu mwenye ugonjwa wa akili mara nyingi ni uzembe wa karatasi. Mwenye wosia aonane na daktari wake siku ileile, au siku moja mbili kabla, apate barua inayoeleza mambo matatu: kwamba anaijua mali yake, anawajua watu wanaomtegemea, na ametoa sababu za kugawa alivyogawa. Barua ya mstari mmoja, “anaendelea vizuri na matibabu”, haimsaidii mtu mahakamani. Kisha wanahitajika mashahidi wasiopungua wawili, nao wasiwe miongoni mwa wanaoachiwa kitu. Zawadi aliyoachiwa shahidi hubatilika, isipokuwa wosia una mashahidi wengine wawili zaidi yake.

“Hajiwezi, basi sisi ndugu ndio tunaamua juu ya shamba lake.”

Hii ndiyo dhana inayoumiza zaidi, kwa sababu wanaoishika huwa wanaamini kwa dhati kwamba wanasaidia. Mtu analazwa, bili inapanda, ndugu wanakaa kikao na kuamua robo ekari iuzwe. Wanakwenda wakiwa na barua ya chifu, nakala ya karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, na hatimiliki iliyotolewa chini ya godoro. Hakuna hata moja kati ya hizo inayowapa mamlaka ya kuuza. Mnunuzi anayelipa kwa msingi huo hatarini anajiweka mwenyewe, maana mwenye shamba akipata nafuu anaweza kwenda kudai kilicho chake.

Njia halali imo katika Sheria ya Afya ya Akili (Sura ya 248), iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Familia huiomba mahakama imteue msimamizi wa mali. Ombi huambatana na hati ya kiapo, ripoti ya daktari wa magonjwa ya akili, orodha ya mali na majina ya ndugu wa karibu, kwa kuwa nao wana haki ya kusikilizwa. Ombi hukwama ripoti inapotaja jina la ugonjwa tu na kunyamaza juu ya kile ambacho mtu hawezi kukifanya: kuhesabu fedha zake, kuelewa mkataba, kukumbuka alichokubali jana. Na hata baada ya kuteuliwa, msimamizi hawezi kuuza ardhi, kuiweka rehani wala kuitoa zawadi bila ruhusa maalum ya mahakama. Atatakiwa pia kutoa hesabu.

“Ulemavu ni wa kuonekana.”

Ibara ya 260 ya Katiba ya 2010 inautaja waziwazi ulemavu wa kiakili na wa kisaikolojia. Inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: hali ambayo jamii inaiona kuwa ulemavu imo pia katika tafsiri hiyo. Kwa hiyo anayebaguliwa kwa sababu watu wanadhani ni mgonjwa naye analindwa.

“Mwajiri akijua una baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), kazi imekwisha.”

Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kifungu cha 46 kinasema ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo anastahili likizo ya ugonjwa ya angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, na cheti cha daktari kinatosha. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Wengi hupoteza kesi kwa kujifungia nyumbani wiki mbili bila kupeleka cheti, kisha barua ya kufukuzwa inasema “utoro”. Mpe ndugu mmoja kazi ya kukifikisha cheti ofisini, na abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Malalamiko kwa afisa wa leba yana muda wa miezi 3 tangu siku ya kufukuzwa.

“Akionekana mwendawazimu, korti humwachilia.”

Mshtakiwa ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba wakati wa tendo ugonjwa ulimzuia kuelewa anachofanya, au kujua kwamba hakupaswa kukifanya. Akifaulu, haendi nyumbani. Kifungu cha 166 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai humweka kizuizini mpaka Rais atakapoamua, bila tarehe ya kutoka. Wapo waliokaa hivyo muda mrefu kuliko wangefungwa kwa kosa lenyewe, na majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamesema wazi kwamba hilo linakiuka Katiba.

“Aliyejaribu kujiua akipelekwa hospitali atakamatwa.”

Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jambo hilo kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 2. Mnamo 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi, mbele ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Kumsaidia mtu kujiua bado ni kosa.

Kwa hiyo mtu akinywa sumu, msipoteze dakika mkijadili polisi. Mkimbizeni hospitali iliyo karibu, na mbebe chupa au pakiti ya alichokunywa, kwa maana daktari huchagua tiba kwa kuangalia ni sumu gani. Wakiwadai amana kwanza, watajieni Ibara ya 43(2) ya Katiba: hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura. Akitulia, ombeni aonwe na mhudumu wa afya ya akili kabla hajaruhusiwa kutoka, na dawa zote za nyumbani azishike mtu mwingine.