RF imetoka chanya: damu inasema nini hasa kuhusu viungo?

Mama amekuja na bahasha ya maabara, ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Magoti yanamsumbua tangu mwaka jana, hasa akipanda ngazi. Kwenye karatasi kuna mstari mmoja uliozungushiwa kalamu nyekundu: RF, chanya. Jirani ameshamwambia kwamba ana rumatoidi, baridi yabisi ya maisha ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo, na vidole vitapinda.

Dhana: RF ikiwa chanya, una rumatoidi

RF ni kingamwili, na haina ugonjwa mmoja inaoumiliki. Watu kama 5 katika kila 100 wenye afya njema wanayo, na uzeeni huwa wengi zaidi. Kifua kikuu huweza kuipandisha, homa ya ini aina ya C pia, hata maambukizi ya valvu za moyo. Na kinyume chake: katika wagonjwa 10 wa rumatoidi ya kweli, 2 au 3 majibu yao ya RF ni hasi. Anti-CCP, kingamwili nyingine inayopimwa kwenye damu, inaaminika zaidi, maana ni nadra kuwa chanya kwa asiye na ugonjwa, lakini nayo huwakosa wagonjwa wengi.

Kwa hiyo maswali yenye uzito ni yale yasiyohitaji sindano. Vifundo vya vidole na viwiko vya mikono vimevimba? Pande zote mbili? Asubuhi vinakakamaa kwa muda gani, dakika kumi au saa nzima? Mama huyu anakanda unga wa chapati bila shida. Magoti yake huuma akitembea, hutulia akikaa. Hapo gegedu, ule mto laini kwenye ncha za mifupa, ndilo linalolika, na kwa maradhi hayo hakuna kipimo cha damu. RF yake ni mpita njia tu, na kwa maoni yangu haikupaswa hata kuombwa.

Dhana: ESR kubwa ni ugonjwa mkubwa

ESR ni kasi ya chembe nyekundu za damu kuzama, nayo hupanda mwili ukiwa na uvimbe. Laiti watu wangeona inavyopimwa. Damu inawekwa kwenye mrija mwembamba, unasimamishwa wima, tunasubiri saa moja. Chembe nyekundu zinazama, juu yanabaki maji ya manjano, tunasoma zimeshuka milimita ngapi. Basi. Mimba huzifanya zishuke haraka, upungufu wa damu vilevile, na maambukizi ya aina yoyote. Umri nao una sehemu yake: kwa makadirio, kikomo cha mwanamume ni umri wake ugawanywe kwa 2, mwanamke ongeza 10 kwanza, ndipo ugawanye. Bibi wa miaka 70 mwenye ESR ya 38 hana cha kukosesha usingizi kwa namba hiyo peke yake.

Mwenye selimundu ni kisa kingine. Chembe zake zilizopinda hazibebani kama sahani, hivyo huzama polepole, na ESR inaweza kuwa ndogo huku kiungo kinawaka moto.

Dhana: yuriki asidi ni ya kawaida, basi si jongo

Jongo huja pale yuriki asidi, taka iliyo kwenye damu, inapoganda kuwa fuwele ndani ya kiungo. Kidole gumba cha mguu kimevimba usiku wa manane, hata shuka likikigusa unapiga kelele. Ukipimwa siku hiyohiyo, yuriki asidi inaweza kusoma kawaida kabisa, kwa kuwa wakati wa shambulio hushuka. Irudiwe wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kuisha. Na wengi ambao yuriki asidi yao iko juu hawapati jongo maishani. Ushahidi usiopingika ni maji ya kiungo chenyewe yakitazamwa kwa hadubini, fuwele zikionekana kama sindano.

Dhana: ANA chanya ni lupasi

ANA ni kingamwili zinazolenga kiini cha seli za mwili wenyewe, na lupasi ni ugonjwa ambapo kinga hushambulia mwili. Kwa kiwango cha 1:40, yaani damu ikizimuliwa mara 40, karibu watu 3 katika 10 wasioumwa chochote hutoka chanya. ANA ina faida zaidi ikiwa hasi: hapo lupasi karibu inaondoka mezani.

Dhana: viungo vingi vikiuma pamoja, anza na RF

Anza kwa kuuliza kama kulikuwa na homa. Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, iliyotambuliwa mara ya kwanza Newala, kusini mwa Tanzania, mwaka 1952, ilipewa jina lake na Wamakonde kwa jinsi inavyomkunja mtu. Homa hupita kwa siku chache, ila mikono huweza kubaki imevimba kwa miezi, ukadhani ni rumatoidi. Aliyetoka kwenye homa ya namna hiyo atafutiwe kingamwili za chikungunya kwanza.