Acheni kumsugua mbwa pua kwenye mkojo wake

Mimi ni mfundisha mbwa hapa Dar, na juzi nimepigiwa simu tena, safari hii kutoka Tabata. "Mwalimu, huyu mbwa mkaidi. Namsugua pua kwenye mkojo, namchapa ndala, na bado kila nikirudi kazini nakuta kakojoa nyuma ya kochi. Na anajua kabisa kakosea, maana akiniona tu anajikunyata."

Hajui. Nimelisema hili mpaka nimechoka, na nitalisema tena.

Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio lake kuhusu sura hiyo ya "nimekosa". Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa kala au hajala, na mara nyingine alidanganywa. Ile sura haikufuata kosa, ilifuata makaripio. Mbwa ambao hawakugusa kitu lakini wakafokewa ndio waliojikunyata zaidi.

Mbwa wako anasoma hatua zako na mabega yako unapoingia. Alikojoa saa nne asubuhi, wewe umefika saa moja usiku na hasira za foleni ya Barabara ya Mandela. Hana namna ya kuunganisha ndala na jambo la asubuhi. Anachojifunza ni kwamba wewe na mkojo mkikutana, anaumia. Ndiyo maana ukimtoa uani ukasimama naye hakojoi, anazungukazunguka tu. Mkirudi ndani anakwenda nyuma ya kochi, usikomwona. Mnaita ukaidi. Ni woga, na umeupanda mwenyewe. Wengine hukojoa pale pale unapowainamia, kwa kunyenyekea, na ukifoka ndiyo unaongeza.

Kazi yenyewe haina siri. Mtoe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala, mahali palepale kila siku. Mwangalie: anaacha mchezo ghafla, pua inashuka chini, anaanza kuzunguka akinusa. Hapo una sekunde chache tu. Akimaliza, mpe dagaa mmoja palepale alipo, si mkifika jikoni. Akikojoa ndani, piga deki unyamaze.

Kuna jambo ambalo hapa Dar linapuuzwa mno. Watoto wa mbwa wengi wanalelewa kwenye banda la sakafu ya saruji, na kufikia wiki ya nane hivi wameshaanza kuzoea aina ya ardhi ya kujisaidia. Ukimleta kwenye nyumba ya marumaru, nyayo zake zinamwambia hapa ndipo. Mpeleke kwenye udongo au nyasi, uweke pale kitambaa ulichofutia mkojo wake. Mchana chagua kivuli cha mwembe, maana zege la uani linaunguza. Wakati wa masika usimsukume nje ukafunga mlango. Chukua mwavuli usimame naye.

Usafi: sabuni na maji, kisha siki. Dawa zenye amonia zinanukia kama mkojo, zitamrudisha palepale. Klorini usiimwage juu ya mkojo, inatoa hewa yenye sumu.

Kuhusu muda, watu husema saa moja kwa kila mwezi wa umri. Ni makadirio tu. Nimeona wa miezi mitatu wasiofikisha hata mbili. Kama mnashinda kazini, dada wa kazi ndiye mwalimu halisi, kwa hiyo mfundisheni yeye kwanza, kwa heshima, na dagaa akabidhiwe yeye.

Panaponisumbua ni ghorofani, Upanga na Kariakoo. Kabla chanjo za parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa kwa kuhara na kutapika, hazijakamilika haifai kumshusha wanakopita mbwa wa mtaani, basi tunatandika magazeti. Lakini magazeti hayohayo yanamfundisha kwamba ndani panaruhusiwa. Mimi huyasogeza kidogo kidogo hadi kwenye kibaraza, penye beseni pana la udongo na nyasi. Kwa wengine inafaa, kwa wengine tunaanza upya, na jibu hilo bado halijaniridhisha.

Na mbwa mkubwa aliyekuwa msafi akianza ghafla kukojoa ndani, msinipigie mimi. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo apimwe mkojo. Huenda ni maambukizi ya kibofu, na anaumwa.