Kwa nini usajili wa mpira hautabiriki, na kwa nini mchezaji mkali anageuka galasa

Dirisha la usajili likifunguliwa hapa Tanga vijiwe vya kahawa vinachangamka, Ngamiani mpaka Makorora ni majina tu, halafu ligi ikianza, mechi ya nne hiyo, yule yule aliyepokelewa kwa shangwe ashaitwa galasa na kiongozi aliyemleta ashaitwa mwizi. Wagosi, mimi naona tunawaonea watu. Usajili kufeli ni jambo la kawaida kabisa na sababu kubwa ni hesabu ndogo tu ambayo huwa hatuipigi.

Mchezaji mpya ili atoboe inabidi mambo mengi yakubali kwa pamoja: awe mzuri kweli na sio alikuwa na msimu wa bahati, awe mzima, namba yake isiwe na mtu mkali kuliko yeye, kocha amchezeshe pale anapopaweza, na maisha ya timu mpya yamkubali. Hayo matano. Tuseme klabu imefanya kazi yake vizuri na kila moja lina asilimia 80 za kwenda sawa. Ukisikia 80 unasema hapa tumelamba dume. Sasa zidisha, mawili tu ushashuka mpaka 64, ukimaliza yote matano umebaki na 33 hivi. Yaani katika wachezaji watatu anatoboa mmoja, na hapo hakuna aliyekula hela wala aliyerogwa, ni vile likigoma moja mengine manne hayasaidii kitu.

Tumeliona kwetu hapa hapa. Mwaka 2020 mabeki wawili wa kati wa Coastal Union, Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Ame, waliondoka dirisha moja, mmoja Yanga mwingine Simba. Mwamnyeto akaja kuwa nahodha wa Yanga. Ame akakuta Simba kuna Pascal Wawa na Joash Onyango, nafasi ikawa ngumu. Wametoka ukuta mmoja jamani.

Ila kinachodanganya watu kuliko vyote ni klipu. Chukua straika wa timu ya kati, wakubwa wakija uwanja wetu wa Mkwakwani mabeki wao wanapanda mpaka karibu na mstari wa kati, nyuma yao uwanja mtupu, unapigwa mpira mmoja mrefu jamaa anakimbia anabaki na kipa, goli. Ukiziangalia hizo kwenye simu unaona huyu moto. Haya mnunue umpeleke timu kubwa, huko kila anayekuja kucheza nao anapaki basi, watu tisa wako kwenye boksi, mpira anaupokea kalipa goli mgongo na beki kamganda, anatakiwa ageuke ndani ya hatua mbili apige. Hiyo ni kazi nyingine kabisa! Mbio zake bado anazo ila hazina pa kwenda, na sisi tunasema kashuka kiwango.

Hata Ulaya na hela zao zote wanapigwa vile vile. Coutinho alitoka Liverpool kwenda Barcelona Januari 2018 kwa dau lililotajwa kufika euro milioni 160 pamoja na nyongeza, akakuta maeneo anayoyapenda ni ya Messi, akasogezwa pembeni, hakung'aa. Agosti 2020 akiwa kwa mkopo Bayern aliingia akaifunga hiyo hiyo Barcelona mawili kwenye ile 8-2. Salah nae Chelsea walimchukua 2014 wakamuona hafai, 2017 akatua Liverpool na msimu wa kwanza tu akapiga magoli 32 ya ligi.

Halafu kuna mambo ya kugombania. Klabu tatu zikimtaka mtu mmoja, kila moja inakisia thamani yake, na atakayempata ni yule aliyekisia juu kuliko wenzake, kwa hiyo mara nyingi anayeshinda ndo huyo aliyezidisha. Na hapa kwetu Simba na Yanga wakianza kuvutana ndo kabisa, bei inapanda ili mwenzio asimpate.

Majeraha sina haja ya kueleza sana, Hazard Real Madrid mechi 76 goli 7, basi.

Na dirisha la katikati ya msimu ndo gumu zaidi maana hakuna muda wa maandalizi, mtu anashuka leo, Jumamosi anacheza. Torres alihamia Chelsea Januari 2011 kwa pauni milioni 50, mpaka msimu unaisha ana goli moja. Van Dijk nae alinunuliwa Januari, 2018, pauni milioni 75, akatoboa, lakini yule Liverpool namba yake ilikuwa wazi inamsubiri.