Chaneli ya lojiki analaiza ikinyamaza: dhana potofu na ukweli

Lojiki analaiza ndogo za USB zenye chaneli 8, zile zinazotumia chipu ya CY7C68013A na programu ya PulseView, ni chombo cha bei nafuu kinachomwezesha mwanafunzi au fundi kuona kinachopita kwenye waya. Inasikitisha kuona nyingine zinatupwa zikiwa nzima, kisa chaneli moja au mbili "zimekufa". Dhana ninazokutana nazo mara nyingi ni hizi.

"Mstari umenyooka, basi chaneli imeungua."

Mstari ulionyooka unasema jambo moja tu: sampuli zote zilizochukuliwa zimesomeka sawa. Sababu inaweza kuwa kwenye saketi, kwenye waya au kwenye mipangilio ya programu, na chaneli ndiyo ya kushukiwa mwisho. Kwa hiyo itoe kabisa analaiza kwenye saketi unayoichunguza. Chukua Arduino au ESP32 (bodi ndogo unazoziandikia programu), ipe programu fupi ya kutoa mawimbi ya 1 kHz kwenye pini moja, unganisha GND (pini ya volti sifuri) ya bodi na GND ya analaiza, halafu pitisha pini hiyo chaneli moja baada ya nyingine. Mwenye osiloskopu atumie kile kipini cha kurekebishia probu, ambacho kwa kawaida nacho hutoa 1 kHz. Chaneli ikionyesha mawimbi hayo, ni nzima, na tatizo lako liko kwingine.

Isipoonyesha, usiihukumu bado. Hamisha waya uleule kwenye chaneli uliyokwisha kuiona inafanya kazi. Ukimya ukifuata waya, mbaya ni waya. Zile nyaya za rangi rangi zenye vichwa vyeusi hudanganya sana, kwa sababu kwa nje zinaonekana safi. Inua ulimi mdogo wa plastiki kwa ncha ya sindano, vuta kile kichuma kitoke, ukiangalie kwa karibu: mara nyingine kimebana ganda la plastiki, na nyuzi za shaba hazijaguswa, au umegusana nacho uzi mmoja tu. Mita ukiiweka kwenye mlio wa kupima mwendelezo italia ukiushika waya hivi, itanyamaza ukiupinda kidogo. Upinde wakati unapima, ndipo utaujua.

"GND si lazima, vyote vimechomekwa kwenye kompyuta moja."

Kwa ishara za polepole unaweza kubahatika, kwa kuwa GND zinakutana kupitia nyaya za USB. Lakini bodi ikiwa kwenye betri au chaja yake, analaiza haina mahali pa kuanzia kupima. Utaona mstari mtupu, au vurugu inayofuata 50 Hz ya umeme wa nyumbani. Unganisha GND, tena kwa waya mfupi, karibu na ishara unayoipima.

"Chaneli isiyounganishwa lazima isome sifuri."

Hapana. Pini inayoelea husoma chochote, pamoja na kuiga chaneli jirani. Hapo ndipo mtu huamini chaneli ya 3 inafanya kazi kumbe waya wake haujagusa kitu. Hakikisha pia namba: kwenye boksi nyingi imeandikwa CH1 hadi CH8, PulseView inahesabu D0 hadi D7. CH1 ni D0.

"Ishara ipo, mita inaonyesha volti, kwa hiyo analaiza inapaswa kuiona."

Inategemea ni volti ngapi. Chipu hii inahakikisha kusoma 1 kuanzia 2.0 V, na 0 chini ya 0.8 V. Ishara ya 1.8 V iko katikati, pasipo na uhakika wowote: chaneli moja inaweza kuiona na ya pili isiione, ukadhani ya pili ni mbovu. Tumia chipu ya kupandisha volti, kwa mfano SN74LVC1T45. Kwa I2C, njia ya mawasiliano kati ya chipu yenye nyaya mbili, SDA ya data na SCL ya saa, kuna mtego mwingine. Vifaa vyake huvuta SDA na SCL kwenda chini tu, kupanda ni kazi ya rezista, mara nyingi za 4.7 kΩ. Zikikosekana, mstari unaweza kulala chini moja kwa moja huku chaneli ikisema kweli tupu.

"Kasi ndogo itaniletea picha pungufu, lakini picha nitaiona."

SPI ni njia nyingine ya mawasiliano kati ya chipu, yenye waya wake wa saa; saa hiyo ikiwa ya 8 MHz nawe ukiichukulia sampuli milioni 8 kwa sekunde, kila sampuli huangukia karibu mahali palepale pa wimbi, na mstari unaweza kunyooka kabisa. Weka kasi angalau mara nne ya ishara. Kikomo cha analaiza hizi ni sampuli milioni 24 kwa sekunde (24 MHz) kwa chaneli 8, hivyo ni busara kushusha SPI hadi 1 MHz wakati wa uchunguzi. Na kama programu haionyeshi chochote kwenye chaneli zote, tazama triga kwanza, yaani sharti la kuanza kurekodi: huenda bado inasubiri badiliko ambalo halitatokea.

"Chaneli moja ikiungua kweli, analaiza ni ya kutupa."

Chaneli huungua, hasa ikiguswa na RS-232 halisi (mawasiliano ya serial ya kompyuta za zamani), ambayo huenda hadi volti 15 chanya na hasi. Fungua boksi. Kwenye bodi zenye bafa ya 74HC245, yaani chipu ya kupitishia ishara, kati ya pini na chipu kuu, mara nyingi kilichokufa ni hiyo bafa, na kuitoa na kulehemu nyingine mpya ni kazi ndogo kwa mwenye mkono uliozoea. Pasipo na bafa, chaneli 7 zilizobaki bado zinatosha SPI yenye nyaya nne na UART (mawasiliano ya serial ya nyaya mbili) pembeni. Ile mbovu izibe kwa gundi au tepu isichomekwe tena, maana pini iliyoungua inaweza kuvuja na kuivuta chini ishara ya saketi unayoipima.