Rufaa ikichelewa, haki yako haipotei

Watu husema miaka nenda rudi kwamba ukipunguziwa posho ya ulemavu ya PIP nchini Uingereza, miezi ya kusubiri rufaa ndiyo hasara yako. Sivyo. Ukishinda, tofauti hulipwa kuanzia uamuzi ule ulipoanza kutumika, si siku ya hukumu. Kile kiasi kilichobaki baada ya kupunguzwa nacho huendelea kuingia unaposubiri.

Cha kuangalia ni tarehe iliyo kwenye barua: una mwezi 1 kuomba uamuzi uangaliwe upya, kabla ya kufika kwenye baraza la rufaa. Baraza huhesabu alama za mahitaji yako: anayehitaji kifaa ili apike chakula chepesi hupata 2, kiwango cha kawaida cha malipo huanzia 8, cha juu 12. Linaweza pia kukupunguzia zaidi, jambo ambalo wanaokuhimiza ukate rufaa mara nyingi hawakuambii.